Kipara na Mbegu Kumi na Nne

Shemeji yangu ni kinyozi na hana unywele hata mmoja kichwani. Mtaa mzima unamwita Kipara, naye anaitika bila kinyongo. Mteja mgeni akiingia dukani na kumtazama kichwa kwa wasiwasi, humwambia, "Usiogope, kaka. Zangu nilizimaliza nikijifunzia." Upara ulimpata kabla hajafika miaka thelathini, mwaka uleule aliomwoa dada yangu, na mimi ambaye sijawahi kuwa na breki mdomoni nilimwambia dada mbele ya watu kwamba angalau huyu hatamwachia nywele kwenye beseni. Kipara ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu hapo mimi na yeye ni utani asubuhi hadi jioni, isipokuwa zile wiki sita ambazo sikumsemesha hata salamu.

Tunaishi nyumba moja. Mbele, upande wa barabara, kuna vyumba viwili vya kazi vilivyopakana. Cha kushoto ni cha kinyozi, cha kulia ni changu mimi, fundi cherehani. Nyuma kuna ua mdogo wa saruji uliofungwa na kuta pande zote nne, na nusu yake imeezekwa kwa plastiki inayopitisha mwanga. Upepo haujui njia ya kuingia humo. Nguo tunazianika asubuhi na zinakauka kwa joto tu, zimesimama wima. Dada yangu ni mpishi wa shule. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa ananuka moshi, anavua viatu na kukaa kimya kizingitini. Ni mtu wa maneno machache. Nadhani nilipozaliwa nilichukua ya kwangu na ya kwake.

Sasa, Kipara ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimezidi kidogo akakiacha. Akikaa mezani anapunguza nyuzi za kitambaa. Fagio letu amelikata kingo likawa limenyooka kama limepigwa rula, na halifagii. Siku moja nilimaliza gauni la mteja lenye nyuzi ndefu za mapambo chini, zinaning'inia mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikalitundika uani niende kunywa maji. Niliporudi nikakuta amelinyoa. "Nilidhani hujalimaliza, shem," akasema, mkasi bado mkononi. Nililia machozi ya hasira, na mwenye gauni, la kushangaza, akalipenda hivyohivyo.

Lakini nisimwonee. Mkono wake ni mwepesi kuliko mkono wa mtu yeyote ninayemjua. Akikushika kichwa kukigeuza, unageuka bila kujua umegeuzwa. Watoto wanaolia kwa vinyozi wengine kwake wanasinzia. Na kila Jumatatu, siku ambayo duka limefungwa, hubeba mkoba wake mdogo akapita nyumba hadi nyumba kuwanyoa wagonjwa wasioweza kuinuka. Hakuna aliyemtuma. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akasema mtu akilala muda mrefu kitu cha kwanza kinachomtoroka ni kujiona mtu, na nywele safi zinamrudisha.

Mama yetu alikuwa na nyanya zake. Nasema zake kwa sababu sijaziona kwa mtu mwingine. Zilikuwa kubwa, zimejikunja juu kama mfuko uliofungwa kamba mdomoni, na zikiiva vizuri zinapasuka mabegani. Sokoni hazikuuzika: ukizipanga kwenye tenga, za chini zinakuwa mchuzi kabla hujavuka barabara. Kwa hiyo hazikutoka nje ya shamba lake la nyuma ya nyumba. Alikuwa amezipata kwa mama yake, na kila mwaka alikamua mbegu za ile iliyo nzuri kuliko zote, akazikausha juu ya gazeti. Alipougua tukamleta kwetu, na pale palipokuwa shamba sasa pamesimama nyumba ya watu wengine ya vyumba vitano.

Alilala kwetu miezi minne. Mimi na dada tulimlisha, tukamwogesha, tukamgeuza. Jambo moja tu alitukatalia: nywele. Zilikuwa zimesokotana kwa kulalia, na kila tukigusa chanuo analalamika kwamba tunamng'oa ubongo. Asubuhi moja akasema, "Mwiteni mkwe wangu aje na mkasi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama na mkwewe walikuwa wanaheshimiana mpaka inachosha. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka ana shughuli jikoni. Miaka ishirini walizungumza kwa kupitia dada yangu, hata wakiwa chumba kimoja. Lakini Kipara aliitwa, akanawa mikono mara mbili, akaacha mlango wazi, akamkata nywele kwa mkasi mtupu bila mashine, kishungi kimoja baada ya kingine, karibu saa nzima. Nilisikia wanaongea kwa sauti ya chini. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichochujuka rangi, na juu yake zimeganda mbegu kumi na nne za nyanya.

"Mama kanipa," akasema, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga na hajui ashike wapi.

Wiki mbili baadaye Mama akafariki. Nywele zake zilikuwa safi.

Nitasema ukweli kwa sababu nimeshazeeka vya kutosha. Jambo lile liliniuma. Mimi ndiye kitindamimba, mimi ndiye niliyeshinda naye, halafu mbegu za mwisho za shamba lake anapewa kinyozi. Mwenyewe nilikuwa nazo chache, sikatai. Alinipa mwaka niliofungua duka, miaka minane kabla, nikazifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya kopo langu la vifungo. Kila nilipotafuta kifungo niliviona vile vimbegu vimefungwa, roho ikatulia. Lakini zile nilipewa kwa kupita. Zake alikabidhiwa.

Kipara akazihifadhi kwenye kikasha tupu cha nyembe, na mvua za kwanza zilipokaribia akapanda saba.

Hapa ndipo nilianza kushangaa, ingawa sikuonyesha. Mbegu ya nyanya ni kitu kidogo, bapa, ina manyoya kama imevaa fulana ya sufu. Ilikuwa imelala kwenye gazeti mwaka mzima haili, hainywi. Siku ya sita udongo ukainuka kidogo kama mtu anapojigeuza chini ya shuka, na siku ya saba mche ukatoka umeinama, umebeba ganda la mbegu kichwani. Kipara alitaka kulitoa lile ganda kwa kibanio. Dada yangu akamwambia, "Liache, litavuka lenyewe," na likavuka lenyewe. Miche sita ikasimama kwenye makopo, kila mmoja umefunua majani mawili, na shemeji yangu akawa anawahi kuamka kuiangalia kabla hata hajanawa uso.

Kulikuwa na mteja wake, bwana shamba mstaafu, mzee mkali anayependa nywele zake ziishe pale masikio yanapoanzia. Akiwa kitini alimweleza Kipara namna ya kutunza nyanya. Umwagilie asubuhi, kwenye shina, usilowanishe majani. Uegemeze mti mapema. Na yale machipukizi yanayoota kwapani, kati ya shina na jani, uyang'oe yakiwa madogo maana yananyonya nguvu bure.

"Kwapani?" Kipara akauliza. "Hiyo ni kazi ninayoijua."

Akaifanya, na akaifanya vizuri. Miche ikapanda mpaka kiunoni, shina nene, maua ya kwanza yakaanza kuchungulia. Shida ni kwamba ikaja wiki ya shule kufungwa, wateja wake wengi wakasafiri, na kinyozi asiye na kichwa cha kunyoa ni mtu hatari. Siku ya kwanza aliondoa jani moja lililogusa chini. Siku ya pili akaona upande mmoja umezidi mwingine, akasawazisha. Nakumbuka nilimsikia akiimba uani huku mkasi unalia kwa raha, nami niko kwenye cherehani namaliza sare. Niliponyanyuka Ijumaa kwenda kuanua nguo nikakuta nyanya sita za Mama zimesimama uchi. Amezinyoa kote, ameacha kishungi juu tu.

"Nimezipa hewa," akasema. Alikuwa anatabasamu. Alidhani nitamsifu.

Jua likafanya lililobaki. Mashina yakababuka upande mmoja, vishungi vikanywea, na ndani ya wiki mbili makopo yote sita yalikuwa na vijiti vikavu. Nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na la mwisho lilikuwa kwamba Mama alikuwa mgonjwa na hakujua anampa nani. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Kipara akaenda dukani, akachukua ule mkasi, akautundika kwenye msumari juu kabisa karibu na dari, na toka siku hiyo akanyoa watu kwa mashine tu.

Basi hizo ndizo zile wiki sita. Nilipita mbele ya duka lake uso nimekaza kama ngoma. Na siku moja nikapiga moyo konde: nikatoa kopo la vifungo, nikafungua kitambaa changu, nikapanda mbegu zangu mwenyewe, kumi na mbili, kwenye kopo la maziwa. Nilitaka aone kazi ya mtoto wa mwenye shamba. Nikamwagilia asubuhi, nikafunika, nikafunua. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mwishoni nikafukua kwa sindano. Nilikuta maganda matupu. Chumba changu kina bati juu na pasi ya moto pembeni siku nzima, na kopo la vifungo linakaa chini ya meza ya kupigia pasi. Nilikuwa nimezioka miaka minane huku nikijiambia ninazitunza.

Sikumwambia mtu. Lakini kopo la maziwa lenye udongo mtupu halifichiki kwenye ua wa hatua kumi. Kesho yake Kipara akaja mlangoni kwangu na kile kikasha cha nyembe.

"Shem," akasema. "Zimebaki saba. Nikiharibu hizi, basi. Nakuomba ukae karibu unizuie."

Ningekuwa na ujeuri wangu wa kawaida ningemwacha asimame pale. Nikasogeza kiti.

Mbegu saba za mwisho. Zilichelewa, na zilipotoka zilitoka tatu tu. Mche wa kwanza mdudu aliukata shingoni, tukaukuta asubuhi umelala kama umeangushwa na kisu. Wa pili niliuua mimi. Kipara alikuwa akimwagilia alfajiri, nami kwa kutomwamini nilikuwa nikimwagilia tena saa mbili akiwa na wateja, mpaka shina likaoza pale linapoingia ardhini. Aliujua ukweli, maana alibonyeza udongo kwa kidole ukatoa maji, akanitazama. Aliniachia aibu yangu nibaki nayo, na hiyo ilinifundisha adabu kuliko kelele zote nilizowahi kumpigia.

Ukabaki mche mmoja duniani. Sisemi kwa kutia chumvi. Kama mahali pengine palikuwa na nyanya ile, sisi hatukupajua.

Akautayarishia ndoo kubwa, akaitoboa chini maji yasituame. Akachanganya udongo, mchanga kidogo, samadi iliyooza mpaka haina harufu, na nywele. Ndiyo, nywele za dukani, alizokuwa amezifukia na maganda ya viazi kwa miezi. Bwana shamba alimwambia nywele huoza taratibu na kulisha mmea taratibu. Nusu ya mtaa imo ndani ya ndoo ile. Halafu akafanya jambo lililonitoa jasho: akaufukia mche mpaka karibu na majani ya juu kabisa. Nilidhani anauzika. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Baada ya wiki mbili akafukua upande mmoja kwa brashi laini ya kupangusia shingo. Lile shina lililokuwa hewani, la kijani, lenye vinyoya, lilikuwa limeota mizizi pale pote lilipoguswa na udongo. Mizizi myeupe, mingi, inakwenda kila upande. Mimi ni mtu wa nguo. Najua mkono ni mkono na pindo ni pindo, huwezi kuamka ukakuta mkono umekuwa pindo. Mmea huu ulikuwa umegeuza mwili wake kuwa miguu kwa sababu tu umehitaji kusimama. Tulichuchumaa hapo wote wawili kwa muda. Kisha akaufunika udongo kwa vidole, taratibu, kama anavyofunika kichwa cha mgonjwa.

Kuanzia hapo nilikuwa upande wake. Nilichana vipande vya khanga laini nikaufunga kwenye mti wa kuegemea, fundo la kulegea ili shina linenepe lisibanwe. Machipukizi ya kwapani aliyang'oa kwa vidole, na kila akitaka kugusa jani ananiita kwanza. "Shem, hili nalo?" Namwambia liache. "Hata hili lililopinda?" Liache. Mikono anaiweka mgongoni na kuishikanisha, mtu mzima wa miaka hamsini, anatetemeka kwa hamu ya kusawazisha.

Mmea ukapita dirisha. Ukatoa maua, shada la kwanza, la pili, ya manjano, yametazama chini kama watoto waliokosea. Na yakaanza kudondoka. Asubuhi tunakuta ua limekatikia kwenye kile kifundo cha kikonyo, limelala juu ya udongo likiwa zima. Dada yangu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu tupande zile saba za mwisho, akawa anayaokota na kuyapanga kizingitini. Yalipofika kumi na moja akaniambia, "Mdogo wangu, huu mti hautazaa." Akasema hivyo kwa utulivu wake uleule, akaingia ndani, na nikasikia amefunga mlango wa chumba ambao huwa haufungi.

Nilijua analilia nini. Mmea wa nyanya hauishi milele. Usipozaa, unazeeka na kufa na vyote vilivyomo. Mama tulikuwa tumeshamzika mara moja.

Kipara aliacha kula vizuri. Tulibadilisha maji, tukaisogeza ndoo kwenye jua, tukairudisha kivulini. Bwana shamba alikuwa kwa binti yake, mbali. Maua yakaendelea kudondoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumatano. Kipara alikuwa anamnyoa fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mashine ikaanza kukwaruza. Akamwomba asubiri, akavuta waya mrefu mpaka uani akaifungue na kuitia mafuta penye mwanga. Alipomaliza akaiwasha kuijaribu, na kwa kuwa mkono wake mwingine ulikuwa na chupa ya mafuta, akaiegemeza ile mashine mgongo wake kwenye mti wa kuegemezea mmea. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kazi.

Nilimsikia akiniita jina langu la utotoni, ambalo hajawahi kulitumia kabla wala baada. Nikatoka mbio nikijua amekata kitu.

"Angalia mkono," akasema kwa kunong'ona.

Kwenye mkono wa koti jeusi kulikuwa na vumbi la manjano. Akaigusisha tena mashine kwenye kikonyo cha shada, polepole, upande usio na meno. Ua lililofunguka likatetemeka mpaka likawa kama halionekani kingo, na kutoka ndani ya ile ncha yake iliyofungika likashuka vumbi laini, likaelea kwenye mwanga wa plastiki, halina haraka. Akagusa la pili. Likatoa. La tatu lilikuwa bado changa, halikutoa. La nne likamwaga.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimepita mbele ya maua yale kila siku, nimeyasikitikia, nimeyalaumu, na muda wote yalikuwa yamebeba kitu ndani yamekifunga, yanangoja mlio. Nilijikuta nimemshika shemeji yangu mkono. Yeye machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja una mashine na mwingine una mafuta.

Fundi wa baiskeli akaja mlangoni na shuka shingoni, amenyolewa nusu ya kichwa. "Kipara, mimi nimekosa nini?"

"Njoo uone," Kipara akamwambia.

Akaja akaona.

Bwana shamba aliporudi alitueleza kwamba ua la nyanya limefunga unga wake ndani ya vijibomba, halitoi mpaka litikiswe. Shambani upepo unalitikisa, au wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao huling'ang'ania ua na kuvuma mwili mzima bila kupiga mabawa. Uani kwetu hakuna upepo wala nyuki. "Umekuwa nyuki," akamwambia Kipara. Mzee yule hasifu mtu ovyo, na alisema hivyo akiwa amesimama, kwa heshima.

Tangu siku ile kila saa nne, umande umekauka, kazi inasimama. Awe nani kitini, amepakwa nini, atasubiri. Kipara anavuta waya mpaka uani, mtaa unasikia mlio, watu wanasema kinyozi anaunyoa mti wake. Umeme ulipokatika siku mbili alikuwa anagonga vikonyo kwa ukucha, kimojakimoja, akivuma kwa pua bila kujua. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaanza kuvuma naye.

Siku ya tano baada ya lile vumbi, maua mawili yalinyauka na hayakudondoka. Petali zilikauka zikasukumwa mbele, na nyuma yake kulikuwa na kitu cha kijani, kikubwa kama kichwa cha pini. Dada yangu alikivalia miwani yake ya kuchambulia mchele. Alikitazama sana. "Kina mikunjo," akasema.

Kweli kilikuwa na mikunjo. Kwenye ukubwa wa kichwa cha pini tayari kilikuwa kimejikunja juu kama mfuko uliofungwa kamba.

Yalishika matunda manne. Lililokuwa mbele lilikua likajaa kiganja, likapauka, likaanza rangi chini, rangi ikapanda, na asubuhi ya siku ya hamsini na mbili nikakuta limepasuka begani kidogo, pale palepale. Tulingoja dada arudi shuleni. Kipara akafunga duka. Tukakaa uani watatu, na sahani, na kisu, na mimi nikamsukumia kisu yeye mwenye kazi ya kukata. Akakirudisha.

"Mimi nimeshakata vya kutosha," akasema.

Nikakata mimi. Harufu ikatoka kabla kisu hakijafika chini, na nilikuwa na miaka saba, nimesimama kwenye matuta, Mama ananipangusa kidevu kwa ncha ya khanga. Sikuweza kuendelea. Dada akachukua kipande, akala, akafumba macho.

"Ni hii," akasema.

Tulikula polepole, tukiacha ule utomvu wenye mbegu kwenye sahani. Na hapo ndipo nikamuuliza kile nilichokuwa nimekimeza muda wote ule. Nikasema, "Shemeji, niambie ukweli. Kwa nini alikupa wewe?"

Akapangusa mikono. Aliona haya kunijibu, akamtazama dada, dada akainamisha kichwa kumruhusu. Nikaelewa kwamba dada alikuwa anajua siku zote, na kwamba wamenihurumia.

"Nilimwambia awape nyinyi," akasema. "Nilimwambia mimi nitaharibu. Akasema, 'Najua utaharibu, baba. Wanangu watazitunza. Wewe utazipanda.'"

Nilisikia redio ya fundi wa baiskeli kutoka ng'ambo ya barabara.

Mbegu tuliziweka kwenye glasi na maji kidogo siku tatu mpaka ule utelezi ukaachia, tukaziosha, tukazitandaza juu ya gazeti mbali na jua. Kipara alijaribu kuzihesabu akashindwa. Zilipokauka akazigawa kwenye karatasi za nyembe: moja ya bwana shamba, moja ya fundi wa baiskeli, moja ya mwalimu mkuu wa shule ya dada, na moja akaniletea kwenye cherehani yangu. Nikaipokea. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda chini ya meza ya pasi, ukatoa kopo la vifungo, ukafungua kifuniko.

Nikasimama hivyo, kopo mkono huu, mbegu mkono huu, na shemeji yangu mlangoni ananitazama. Kisha nikamwaga vifungo vyote juu ya meza, vingine vikaviringika mpaka miguuni kwake, nikachukua msumari na nyundo, nikalitoboa kopo lile matundu matano chini.